Sauti na Nuru ya Tlatelolco

Katika jiji la Mexico, mtaa wa Tlatelolco, uko Uwanja wa Tamaduni Tatu. Jioni ya tarehe 2 Oktoba 1968 wanafunzi walikusanyika hapo kudai uhuru wao. Fataki za ishara zilishuka toka helikopta, uwanja ukang'aa, na mara risasi zikaanza. Idadi ya waliouawa yabishaniwa hata leo. Siku kumi baadaye Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa katika jiji hilo hilo, michezo ile ambayo Mtanzania John Stephen Akhwari alimaliza mbio za marathoni akichechemea gizani na kushangiliwa, huku habari za uwanja ule zikinyamaziwa.

Ilipotimia miaka arobaini, mwaka 2008, msanii Rafael Lozano-Hemmer, aliyezaliwa katika jiji hilo mwaka 1967, aliweka pale pale kazi yake iitwayo Voz Alta, yaani Sauti ya Juu. Yeyote aliyependa alikiendea kipaza sauti akasema alilotaka. Sauti yake iliwasha kurunzi kubwa ya wati 10,000: akipaaza, nuru ilikua, akinong'ona, ilififia, akinyamaza, ilizimika. Mwali uligonga kilele cha jengo lililokuwa la Wizara ya Mambo ya Nje, na hapo kurunzi nyingine tatu ziliupeleka juu ya jiji, ukaonekana hata kilometa 15 hali ya hewa iliporuhusu. Mtu wa mbali aliona kwamba yupo asemaye, lakini asemalo hakulijua mpaka afungue redio ya Chuo Kikuu cha Taifa, iliyoyatangaza maneno yote papo hapo.

Mkaguzi wa maneno hakuwapo. Maelfu walisema: waliodai haki, walioghani mashairi, hata waliochumbiana. Yamkini mtu mzito ataona kwamba posa penye damu ni utovu wa adabu. Na aulizwe: wale vijana waliouawa, wangapi walikuwa na wachumba? Hitilafu ya kazi ile iko kwingine. Nuru ilipima ukubwa wa sauti, ukweli haikuupima. Mropokaji aliweza kuangaza kuliko mama mwenye kwikwi. Hata hivyo nuru ya 1968 ilishuka toka juu kwa amri ya wakubwa, na hii ilipanda toka kinywani mwa mpita njia.

Msemaji alipokosekana, taa ya uwanjani ilizimika. Kurunzi za juu ya jengo ziliendelea kumemeta, zikifuata sauti zilizohifadhiwa za walionusurika.