Zizi la Kujifunzia

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Methali hii nimeisikia tangu utotoni kwetu Lamu, lakini nilikuwa naijua kwa maneno tu, mpaka mwaka 2023 nilipohamia Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Huu ni mji unaojiita mji mkuu wa farasi duniani, na sidhani kama unatia chumvi sana. Ukitoka mjini kwa gari, dakika 15 upande wowote uutakao, utaona nyua za mbao, nyeupe na nyeusi, zimezunguka vilima vya majani mabichi, na ndani yake farasi wanaong'aa kama milango ya msaji iliyotoka kupakwa mafuta. Wenyeji watakuambia kuwa chini ya ardhi ile kuna mawe ya chokaa, na kwamba chokaa hiyo hupanda kwenye majani, na kutoka kwenye majani huingia katika mifupa ya watoto wa farasi. Basi katikati ya farasi wote hao nilikaa miezi 4 bila ya kumpata mmoja wa kumpanda.

Sababu yenyewe si ngumu kuielewa. Mashamba yale ni ya kuzalisha farasi wa mbio. Jike mmoja aweza kuuzwa mnadani Keeneland kwa bei ya mtaa mzima wa nyumba, na hakuna mwenye akili atakayemkabidhi mnyama huyo mwanafunzi akajifunzie kuanguka. Malango yamefungwa. Mgeni huingia kwa ziara ya kulipia, akampa karoti dume lililostaafu, akapigwa picha, akatoka. Kujifunza ni jambo jingine, na huhitaji farasi wa namna nyingine kabisa: mtu mzima, mtulivu, aliyekwisha kuona watoto wakilia na wazee wakitetemeka mgongoni mwake na asishtuke. Farasi wa namna hiyo hana bei kubwa sokoni, na kwa hiyo katika nchi ya farasi wa bei kubwa yeye ndiye adimu.

Pengine msomaji atauliza mwanamke wa miaka 56, mwenye ushungi kichwani na wajukuu wawili, anatafuta nini juu ya farasi. Binti yangu aliniuliza hivyo hivyo, tena si mara moja. Nilianza mwaka 2016 tulipokuwa Ohio, kwa sababu mume wangu aliniona nimesimama kwenye ua wa jirani nikiwatazama farasi wake nusu saa nzima, akanilipia masomo kumi bila ya kuniambia. Mwaka 2021 alifariki. Nilipotoka eda, safari yangu ya kwanza isiyokuwa ya lazima ilikuwa kwenda zizini. Watu wote walinipa pole, Mungu awajaze kheri. Farasi hakunipa pole. Alitaka nikae sawa, nishike hatamu bila ya kumvuta mdomo, na nimwambie tunakwenda wapi. Kwa nusu saa moja kila wiki ilinibidi nijue ninakwenda wapi.

Hivyo nilipohamia Kentucky kuwa karibu na binti yangu, ambaye ni muuguzi, nilileta masanduku manne na jozi ya viatu vya kupandia. Yeye alikubali kwa masharti. Mifupa ya umri wangu, alisema, haiungi upesi, naye huiona kila siku wodini. Ninunue kofia ngumu mpya yenye alama ya kupimwa, kwa kuwa ile ya zamani ilikwisha kuanguka nami mara moja, na kofia iliyopata kishindo hutupwa hata ikionekana nzima. Nisiruke vizuizi. Na zizi alione yeye kwanza. Hili la mwisho nililikataa, maana yeye hajui kutofautisha farasi na ng'ombe. Tukapatana kwamba ataliona baadaye.

Nilianza kwa simu. Mazizi mawili yalichukua watoto tu. Jingine lilikuwa na orodha ya kusubiri ya miezi 8. La nne waliniuliza uzito wangu, na hilo halikunichukiza. Ni dalili njema. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba farasi asibebeshwe zaidi ya sehemu moja katika tano ya uzito wake mwenyewe, na hapo seruji, yaani lile tandiko la ngozi, imo katika hesabu. Farasi wa kilo 500 basi mwisho wake ni kilo 100. Zizi lisilouliza uzito limekwisha kukuambia jinsi linavyowafikiria wanyama wake. La tano nilikwenda mwenyewe bila ya kupiga simu, na mwanamke niliyemkuta mlangoni, kabla sijafungua mdomo, aliniambia kuwa kazi ya kufagia vibanda imekwisha kupata mtu.

Sikumjibu neno. Niliingia garini nikaenda Kentucky Horse Park, ambako Isaac Murphy amezikwa, si mbali na kaburi la farasi mashuhuri Man o' War. Murphy alizaliwa mwaka 1861, utumwa ukiwa bado umekaa imara Kentucky, naye alishinda mbio za Kentucky Derby mara tatu: 1884, 1890 na 1891. Mbio hizo zilipokimbiwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1875, wapanda farasi walikuwa 15, na 13 kati yao walikuwa weusi; aliyeshinda, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Mmarekani mweusi wa mwisho kushinda ni Jimmy Winkfield, mwaka 1901 na 1902. Baadaye walisukumwa nje ya kazi ile, mmoja baada ya mwingine, kwa njama na kwa vitisho, hata watu wakasahau kuwa waliwahi kuwamo. Nilikaa pale mpaka jua likapungua ukali. Yule mwanamke wa mlangoni anaishi maili chache kutoka kaburi lile.

Zizi la sita lilikuwa zuri kupita yote. Uwanja wa mchanga wenye paa, taa, choo chenye marumaru, chumba cha wazazi kunywa kahawa. Ukutani palikuwa na bango la onyo linaloeleza kuwa kwa sheria ya Kentucky mwenye zizi hawajibiki kwa hatari za kawaida za wanyama. Nilitia sahihi karatasi zangu kama kila mtu. Hapa niseme jambo ambalo wengi hawalijui. Uingereza, shule ya kupanda farasi haifunguliwi bila ya leseni, na msingi wake uliwekwa na sheria ya mwaka 1964. Marekani, jimbo la Massachusetts hudai leseni kwa mwalimu, Kentucky haidai. Mtu aweza kuamka leo, akaandika kibao, akaitwa mwalimu. Wako wazuri sana, wenye vyeti walivyovitafuta kwa hiari yao, lakini kuwapambanua ni kazi ya mwanafunzi, tena mwanafunzi ndiye asiyejua kitu.

Mimi nilikuwa na kipimo changu, nilichokipata kwa babu. Babu alikuwa na punda wawili wa kubebea mchanga na mawe ya matumbawe, nasi wasichana tuliwapanda kwa kuiba, tumekaa nyuma kabisa juu ya matako ya mnyama, bila ya tandiko, kama wanavyokaa watu wa Lamu mpaka leo. Babu alipotaka kununua punda hakumtazama usoni kwanza. Alitazama kwato, kisha akapitisha vidole mgongoni pande zote mbili za uti, polepole, huku akiyatazama masikio. Mgongo, alikuwa akisema, haujui kudanganya.

Nilifika nusu saa kabla ya wakati, nikasimama kando nikizungumza na binti yangu kwa simu. Nilipomaliza, kijana aliyekuwa akisukuma toroli la samadi alisimama.

"Jambo, Mama. Unatoka wapi?"

"Lamu, Kenya, mwanangu. Na wewe?"

"Bukavu."

Lexington ina Wakongo wengi, na Kiswahili chao utakisikia madukani na hospitalini. Lakini zizini sikukitarajia. Tukaulizana hali za watu wetu. Kisha akainama kama anayeokota kitu, akasema bila ya kunitazama: "Ule banakufungia, Mama, usimupande. Iko naumwa mugongo. Nilisema, habakusikia." Akaondoka na toroli lake.

Farasi niliyefungiwa alikuwa jike la kijivu. Mwalimu, binti wa miaka thelathini hivi, mchangamfu, alikuwa anaikaza mikanda ya seruji, na kila alipoikaza masikio ya mnyama yalilala nyuma na mkia ukapiga. Nilimwomba anivulie seruji niuone mgongo. Alicheka, lakini alinivulia. Nikapitisha vidole kama babu. Nilipofika nyuma ya mabega, upande wa kushoto, ngozi iliruka na mgongo wote ukazama chini ya mkono wangu kama kitanda cha kamba zilizolegea. Nikarudia aone. Alisema jike yule ni mvivu tu, ndivyo alivyo siku za Jumatatu. Nikamwambia anaumwa, na kwamba mimi simpandi, na kwamba ingefaa aitwe daktari wa mifugo. Akasema mwanafunzi wa saa kumi na moja anampanda kila wiki na hajalalamika. Mwanafunzi wa saa kumi na moja alikuwa amekaa kwenye chumba cha kahawa, mtoto wa miaka tisa au kumi, amekwisha kuvaa kofia.

Nilimwendea mama wa mtoto. Nilimwambia nilichokiona kwa vidole vyangu, na jina la yule kijana halikutoka kinywani mwangu, maana riziki yake ilikuwa pale. Mama yule alinisikiliza, akaenda kuzungumza na mwalimu, na mtoto akapewa farasi mwingine siku hiyo. Zaidi ya hapo sikuweza. Nililipa dola 65 za somo nisilolisoma, nikaenda zangu, na njia nzima nilikuwa nikimwaza kijana wa Bukavu, ambaye analijua zizi lile kuliko mwalimu na hana anayemuuliza.

Baada ya hapo niliacha simu. Nilikwenda kwenye duka la chakula cha mifugo, lile la magunia na chumvi ya kulambwa, nikamuuliza muuzaji ni nani anayepigilia viatu vya farasi sehemu zile. Nakushauri hivyo nawe, msomaji, ukihamia mahali usipopajua. Fundi wa viatu vya farasi huingia katika mazizi yote kila baada ya wiki sita au nane, huinua miguu yote minne, na anajua nani hulipa kwa wakati na nani huacha kwato zikapasuka. Tena hana la kukuuzia. Niliyempata alinisikiliza akiwa ameinama, misumari mdomoni, kisha akanitajia mwanamke mmoja kusini ya mji mwenye farasi sita tu.

Zizi hilo paa lake lina kutu na choo chake sitakisema. Mwenyewe anakaribia miaka 70. Alinipa brashi na kijiti cha chuma cha kuchokolea kwato, akanionyesha farasi wa kahawia wa miaka 19 mwenye soksi moja nyeupe, kisha akakaa juu ya ndoo akanitazama nikimsugua. Aliniuliza mara ya mwisho nilianguka lini, na nilianguka vipi, na baada ya hapo nilipanda tena siku ngapi. Hakuna aliyepata kuniuliza hivyo. Siku ya kwanza hatukupanda. Ya pili alimtia farasi kamba ndefu, akaninyima hatamu, akanizungusha nimeweka mikono kifuani, kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha matiti. Na asicheke mtu. Mwendo ule wa kudundadunda ndilo jina lake kwa Kiswahili, na watu wa punda wanalijua.

Hatujamaliza mizunguko miwili akaita: "Umejifunza wapi kukaa nyuma hivyo?" Mwalimu wangu wa Ohio alipambana na tabia hiyo miaka miwili bila ya kuuliza ilitoka wapi. Nikamwambia habari za punda. Akamsimamisha farasi katikati ya uwanja, akataka nimweleze tunavyokaa, na tunavyowaongoza bila ya lijamu mdomoni, na kwa nini mchanga unabebwa na punda. Nikamweleza vichochoro vya Lamu visivyopitisha gari, na hospitali ya punda iliyoko pale mjini tangu mwaka 1987. Alisikiliza yote, kisha akasema nisogee mbele vidole viwili.

Sasa naenda kila Alhamisi saa kumi jioni. Wiki ya tano binti yangu alikuja kukagua kama tulivyopatana, bado amevaa nguo za kazini, akauliza maswali yake kwa ukali wa wodini: kofia, gari la wagonjwa, farasi amemtupa nani na lini. Bibi yule alijibu moja baada ya jingine, na alipokuwa anajibu la mwisho alimtia brashi mkononi. Binti yangu aliishika kama anashika kitu cha mtu mwingine. Kisha akaanza kumsugua farasi, kutoka shingoni kwenda nyuma, akifuata manyoya yanavyolala.