Pilau ya Mama

Mama alipoambiwa ana kisukari, Sigino nzima iligeuka waganga. Huyu alimkataza sembe, yule wali, mwingine ndizi na maembe. Mama mdogo alikuja kutoka Babati mjini na gunia dogo la ulezi, akasema uji wake hauna sukari kabisa. Maneno hayo bado nayasikia yakisemwa na watu wazima, nami huyapinga kila mara, kwa sababu ulezi nao ni wanga, na bakuli kubwa la uji wake hupandisha sukari vizuri tu.

Wote walimpenda. Lakini kwenye kila shughuli alianza kutengewa sahani yake pembeni: mchicha wa kuchemsha na kipande cha dona. Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, kipaimara, matanga, yeye ndiye aliyeitwa kusimamia sufuria la pilau, na sasa waliogopa hata kumkaribisha jikoni asije akaonja. Alinyamaza. Akaanza kutoa udhuru, mara mguu unauma, mara kuna mgeni nyumbani. Ugonjwa ulikuwa umemtenga na watu kabla haujamdhuru mwili.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyelifungua jambo. Badala ya kumsomea makatazo, alimwuliza, "Mama, kitu gani hasa ukikikosa kwenye sherehe unaona hukwenda?" Mama akajibu bila kufikiri: pilau ya mchele wa Magugu. Chapati? Angeweza kuiacha. Soda? Hiyo alikuwa akinywa kwa sababu amepewa. Basi soda ikaondoka, maana chupa moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na ikinywewa inaingia kwenye damu upesi. Pilau ikabaki, kwa masharti: asishinde njaa tangu asubuhi kwa kuingojea, asiruke vidonge, aanze na mboga na vyakula vya jamii ya kunde, wali usizidi ukubwa wa ngumi yake, na baada ya kula atembee.

Vya jamii ya kunde tulikuwa navyo, yaani mbaazi. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka, na sisi wa Babati tuliozoea kulipia ada za shule kwa mbaazi tukabaki na magunia ndani. Ulikuwa mwaka mgumu, hata fedha za vijikaratasi vya kupimia sukari zilipatikana kwa taabu. Ila mama alizipika mbaazi zile kila namna: na nazi kidogo ikipatikana, na nyanya na vitunguu, au zimepondwa na mchicha.

Krismasi ya mwaka huo alipika pilau mwenyewe. Alikula mbaazi na kachumbari kwanza, kisha nyama, kisha wali wake, taratibu, akiongea na kila mtu. Mjomba alipotaka kumwongezea alifunika sahani kwa kiganja: "Nimeshiba, kaka yangu. Leo nimekula." Tukatoka naye kutembea barabarani, tunaamkiana na watu waliovaa nguo mpya. Saa mbili baada ya chakula alijichoma kidole; kimashine kikaonyesha 9.1, na muuguzi alikuwa amemwambia isizidi 10. Aliwapitishia wageni kimashine kile wasome wenyewe.

Haikuwa hivyo kila safari. Kwenye harusi moja alichanganya pilau na chapati, sukari ikapanda kupita 13, na wiki iliyofuata alikaa na dona na mlenda bila kunung'unika. Na kuna mchana mmoja shambani alitoka jasho jembamba, mikono ikamtetemeka, maneno yakampotea. Alikuwa amekunywa dawa asubuhi na chakula kikachelewa. Sukari imeshuka. Hapo tulimnywesha nusu glasi ya soda iliyokuwa kwenye kikapu chake kwa kazi hiyo tu, na dakika kumi na tano baadaye tulimpima tena, kisha akala. Watoto walishangaa kuona bibi anapewa kinywaji alichokiacha, nikawaeleza papo hapo chini ya mti, wakanielewa upesi kuliko watu wazima wengi.

Mwaka uliofuata jirani alikuwa na kipaimara cha binti yake. Alikuja mwenyewe jioni, akasimama mlangoni, akasema, "Dada, sufuria ni lako. Mchele tumeshauchambua." Mama akauliza nyama ni kilo ngapi.