Kabla Hujafomati

Ukiingia Luthuli Avenue na lapi isiyowaka, jibu utapewa kabla hujafungua zipu ya begi: tupige Windows mpya. Virusi? Windows mpya. Inajikokota? Windows mpya. Na ni dawa inayofanya kazi, tusidanganyane. Utarudi nyumbani na mashine inayowaka vizuri kabisa. Ni vile tu kila kitu ulichokuwa nacho ndani hakipo tena.

Sina ugomvi na mafundi. Nimelelewa nao, nusu ya vitu ninavyomiliki vimepita mikononi mwao. Ugomvi wangu ni na hilo neno "upya". Tunalitumia haraka sana, kwa mashine na kwa watu.

Lapi yangu ni ex-UK, ilishamfanyia mtu mwingine kazi huko ughaibuni kabla ya kuletwa Nairobi kunilisha mimi. Naandikia watu: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, makala za wateja ambao majina yao ndiyo hutokea juu. Mwaka jana diski yake ikaanza kulia. Tik, tik, kimya, tik. Diski ya aina hiyo ina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kinachosoma juu yake bila kuzigusa. Ukisikia mlio huo, usianze kubishana nayo. Inakuaga.

Ndani mlikuwa na kazi ya miaka mitatu na saa kumi na moja za sauti ya shosho, akisimulia alivyofika Nairobi, alivyopata kazi ya kwanza, alivyomkataa mwanaume wa kwanza. Shosho hayupo tena. Kupandisha saa kumi na moja kwa bundles za wiki ni mradi unaohitaji mfadhili. Nikanunua SSD ya GB 512, nikampelekea fundi aikloni diski ya zamani ya GB 500 kabla haijakata roho.

Kukloni si kunakili faili. Ukinakili faili unahama na nguo. Ukikloni unahama na nyumba nzima, pazia, kabati, mpaka msumari uliokuwa umeshika kalenda. Ndiyo maana watu huipenda: unatoa diski ya zamani, unaweka mpya, unaendelea na sentensi pale ulipoiachia.

Nilipofika keja nikabonyeza kitufe, nikapata skrini nyeusi yenye maandishi meupe: No bootable device. Hakuna kifaa cha kuwashia. Nikampigia fundi.

"Hiyo isikusumbue, boss. Ilete nikupigie Windows mpya. Soo tano, unangoja nusu saa."

"Na vitu vyangu?"

"Vitu si viko kwa ile ya zamani?"

Ile ya zamani ilikuwa imeacha hata kulia. Sasa ilikuwa kimya tu.

Hapa inafaa kujua mashine huamkaje. Neno kubuti limetoka kwa kitanzi kinachoshonwa nyuma ya buti, na ule msemo wa Wazungu wa mtu kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe. Ni jambo lisilowezekana, na ndilo kompyuta inalotakiwa kufanya kila asubuhi. Windows iko kwenye diski, lakini kusoma diski kunahitaji programu, na programu nayo iko kwenye diski. Nani anaanza?

Anayeanza ni programu ndogo iliyo kwenye bodi kuu. Mashine za zamani zinaiita BIOS, za siku hizi UEFI. Haijui Windows ni nini. Kazi yake ni kutafuta kibao cha njia. Inaenda kwenye sehemu ndogo ya diski ambayo hata huioni ukifungua folda zako, mara nyingi ya MB 100 tu, inaitwa sehemu ya EFI. Humo mna faili linalojua orodha iko wapi, na orodha inajua Windows iko wapi. Vibao vitatu, kimoja kinakuelekeza kwa kingine. Kimoja kiking'oka, unaweza kuwa na GB 300 za maisha yako zimekaa salama na hakuna anayejua mlango.

Usiku huo niliwasha lapi kwa flashi yenye Ubuntu. Uzuri wa Ubuntu ni kwamba unaweza kuiendesha kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Nikafungua SSD, ile iliyosemekana haina kitu cha kuwashia. Folda zote zilikuwepo. Nikabofya faili moja la sauti, na shosho akaanza kuongea katikati ya sentensi, akilalamika kuhusu nauli ya basi.

Nikakaa hapo kitandani nikimsikiliza mpaka akamaliza. Hakuna kilichopotea. Fundi alikuwa ameikloni sehemu kubwa yenye Windows na faili, na ile ndogo ya MB 100 ikaachwa nyuma. Nyumba ilihama yote ila kibao cha njia.

Nikatoa kwanza nakala ya sauti na kazi zangu kwenye flashi nyingine. Hiyo ndiyo amri ya kwanza, hata kama una haraka. Kisha nikaandaa flashi ya kusakinisha Windows, nikawasha nayo, na ilipouliza lugha nikabonyeza Shift na F10. Linatokea dirisha jeusi. Humo nikaita diskpart, nikaandika list disk na kuhakikisha kwa ukubwa kwamba nashika SSD na si flashi. Kloni ilikuwa imeacha nafasi tupu mwishoni, kwa hiyo create partition efi size=100 ilipita bila shida. Nikaifomati kwa FAT32 na kuipa herufi S. Halafu list volume, maana ukiwa humo herufi hubadilika. Windows yangu, ambayo siku zote ni C, humo ilikuwa D. Nikatoka diskpart nikaandika mstari mmoja:

bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Ikajibu kwamba faili za kubuti zimeundwa. Nikachomoa flashi, nikawasha. Lapi ikafunguka, ikiwa na ile picha yangu ya ukutani na hati ya mteja niliyoiacha nusu.

Si kila kloni inagoma kwa sababu hiyo. Wakati mwingine mashine bado inatafuta diski ya zamani, na dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya UEFI na kuweka mpya mbele kwenye foleni. Wakati mwingine diski ya mtindo wa BIOS, MBR, inadaiwa na mashine iliyowekwa kwa UEFI pekee, na hizo mbili hazielewani. Skrini ya buluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE mara nyingi inakwambia Windows imeanza safari lakini haina draiva ya kuisomea diski mpya. Linux nayo inaweza kuwa inaita diski kwa UUID ya zamani ndani ya /etc/fstab. Kama ulifunga diski kwa BitLocker, andaa ule ufunguo wa tarakimu 48. Na ukimaliza kukloni, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza, kwa sababu diski mbili zenye kitambulisho kimoja huichanganya mashine.

Katika yote hayo, data iko. Kilichovunjika ni maelekezo.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepita chuo nilichoacha nikiwa mwaka wa tatu, karo ilipogoma. Nilitaka kujua nikipata pesa nitarudi vipi. Mama wa ofisini aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Umekaa nje muda mrefu, mtoto wangu. Ni rahisi uombe upya, uanze mwaka wa kwanza." Nyumbani mama yangu mzazi alisema hivyohivyo, ila kwa sauti ya juu zaidi. Hata marafiki wananiambia: anza upya, bado uko mdogo.

Wote wananitakia mema, kama fundi. Na kuna mashine ambazo kwa kweli zinahitaji kufomatiwa, sikatai. Lakini hakuna kati yao aliyeniuliza kilichomo ndani. Miaka miwili na nusu ya masomo niliyoyafaulu haikufutika siku niliyoshindwa kulipa. Iko mahali, kwenye rejista, na mingine iko kichwani mwangu, naitumia kila siku ninapoandikia watu hotuba. Kinachokosekana ni karatasi ya kumwambia mtu wa mlango unaofuata niko wapi na nilifika wapi.

Kwa hiyo Jumatatu nilirudi kwenye ofisi ileile, nikapiga foleni kuanzia saa mbili asubuhi. Sikuomba nafasi ya mwaka wa kwanza. Niliomba transkripti ya mihula niliyomaliza. Yule mama akaniuliza ya nini, na mimi si mwanafunzi tena.

"Naihitaji tu, mama," nikamwambia. "Kuna mahali nataka kuipeleka."

Akanipa fomu. Ina kurasa mbili, na swali la kwanza linataka nambari yangu ya usajili. Bado naikumbuka.