Safari ya Gehandu, na Shauri la Viatu Vikuukuu



Jina la Gehandu hupatikana katika wilaya mbili zilizo jirani, Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Upande wa Mbulu ni nchi ya juu, yenye baridi, na mashamba ya mahindi na maharagwe yameshika miteremko. Msafiri akielekea kusini huuona mlima Hanang umesimama peke yake juu ya uwanda, na kimo chake yapata mita 3,420. Wenyeji wa pande hizo ni Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, na Wadatoga wafugao ng'ombe.

Magari yapo, na pikipiki ni nyingi, lakini njia za shambani, za majini na za mnadani bado huendwa kwa miguu. Kiangazi mawe makali hula soli. Masika udongo huganda hata kila mguu huwa mzito kama jembe lisilofutwa. Katika nchi kama hiyo swali la kiatu kikuukuu si dogo: je, kishonwe, au kinunuliwe kingine?

Nilifika huko na mabuti yaliyokuwa yamenitumikia miaka kumi na miwili, nami nilikusudia kupanda Hanang kwa njia ya Jorodom, ianziayo karibu na mji wa Katesh. Kabla ya siku ya kupanda, soli ya kulia ilifunguka mbele kama kinywa. Nikampelekea fundi viatu, mzee aliyeketi chini ya mti na sindano zake, nyuzi nene, kopo la gundi na vipande vya matairi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vua vyote viwili."

"Kilichoharibika ni kimoja tu."

"Viatu ni ndugu. Nione vyote."

Akakikunja cha kulia, akavuta ngozi penye mshono, akabonyeza kwa kidole gumba. Ngozi ilikuwa nzima, na chini yake palikuwa pagumu. "Hiki ni gundi na uzi tu," akasema. Alipobonyeza cha kushoto, ambacho kwa macho hakikuwa na neno, kidole kilizama, na makombo makavu yakaanguka juu ya gunia lake.

Sababu yake yafaa kujulikana. Mabuti mengi ya siku hizi yana tabaka laini kati ya soli na ngozi, lililotengenezwa kwa poliyurethani. Tabaka hilo huharibiwa na unyevu wa hewa polepole, miaka ikipita, hata kiatu kisipovaliwa. Kwa hiyo mabuti yaliyowekwa sandukuni muda mrefu huweza kung'aa kama mapya, kisha soli ikabanduka nzima katika mwendo wa siku moja. Gundi haifai hapo, maana haina kitu kizima cha kushika.

Fundi akanieleza kwamba angeweza kung'oa soli zote mbili na kutia za tairi, kisha kuzishona pande zote. "Kwa kwenda mnadani na shambani zitakaa miaka. Lakini tairi ni zito, halikunjiki vema, tena hili limekwisha meno. Mlimani sikupi ruhusa."

Hapo palikuwa na shauri gumu. Fedha niliyokuwa nayo ilitosha safari ya mlima kwa viatu vile vile, au viatu vingine pasipo mlima. Rafiki aliyekuwa pamoja nami alisema tufunge kamba, twende. Lakini njia ile ina zaidi ya mita 1,500 za kupanda, na zizo hizo za kushuka, na magoti yakiwa yamechoka mtu huutegemea unyayo. Wala mlima huo si wa kufanyiwa mzaha. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yaliporomoka kutoka ubavuni mwake hata Katesh, yakaua watu zaidi ya 80. Sisemi kwamba kiatu chema kingewaokoa. Nasema kwamba miteremko ile ikilowa hubadilika upesi, na haifai kuiendea na kitu ambacho fundi amekwisha kukikataa.

Nikauacha mlima mwaka ule. Mabuti yakatiwa soli za tairi, nayo hata leo ni viatu vyangu vya shamba. Mengine niliyatafuta katika mitumba, na mara hii nilibonyeza kwanza, ndipo nikauliza bei. Jozi iliyong'aa kuliko zote ilizama kidole. Nikachukua iliyochubuka, yenye mshono imara. Wazee walisema kweli, usitupe mbachao kwa msala upitao.

Basi, msomaji, ukiwa na viatu vikuukuu, vitazame hivi. Soli ikiwa imelika au imebanduka, na ngozi ni nzima, shona. Tena shona mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Ngozi ikipasuka pale mguu unapokunjika, au tabaka la kati likimomonyoka, usivitegemee kwa safari ya hatari, ila waweza kuvibadilishia kazi. Vikilowa, usivianike karibu na moto, maana ngozi hukauka na kupasuka, na gundi huachia. Vijaze magazeti makuukuu na kuviweka kivulini penye upepo. Na viatu vilivyotoka kwa fundi, au vilivyonunuliwa jana, vitembee navyo kwanza njia za karibu na nyumbani, ambako kurudi peku si msiba.