Kipanya Kilichonifundisha Kuuliza Kwanza

Katika ofisi ndogo ya msikiti wetu hapa Kaniha, wilayani Biharamulo, tuna kompyuta mpakato moja tu, nayo imebeba kazi za watu wawili. Mimi katibu wa kamati huiwasha kwa Windows, nikaandika barua, mihtasari ya vikao na orodha ya mayatima na wajane wanaopokea zakatul-fitri. Kijana anayewafundisha watoto kompyuta kila Jumamosi huiwasha kwa Ubuntu, mfumo usiolipiwa uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, ambao jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Mifumo yote miwili imo ndani ya mashine ile ile. Ukiiwasha, inakuuliza unataka kuingia upande upi.

Kibao chake cha kugusa kilikufa zamani, hivyo bila kipanya kazi ni ngumu. Muumini mmoja, Allah amlipe kheri, akatuletea kipanya kisicho na waya, kinachotumia Bluetooth. Tukafurahi kwa siku chache. Kisha Jumapili moja nikaiwasha mashine, nikakuta kishale kimesimama katikati ya kioo kama gari lililokwama topeni. Nikabadili betri, wapi! Nikapanda bodaboda hadi kwa fundi mjini Biharamulo. Akalifuta jina la kipanya katika Windows, akakiunganisha upya, kikatembea. Nikamlipa, nikarudi. Jumapili iliyofuata kikakataa tena. Na ya tatu vilevile.

Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Nilihesabu siku nikaona kwamba ugonjwa huja kila Jumapili, na Jumamosi yake anayeshika mashine ni kijana yule. Ushahidi nikauona umetimia. Nikamwita mbele ya wanafunzi wake nikamwambia, "Kila ukitoka humu kifaa kimeharibika. Nipe ufunguo wa ofisi." Akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema tu, "Sawa, Ustadhi." Darasa likasimama.

Jumamosi mbili watoto walikuja, wakakuta mlango umefungwa, wakarudi makwao. Katika hiyo ya pili binti mdogo aliniuliza, "Ustadhi, mwalimu amekosa nini?" Nilitafuta jibu nikalikosa. Mimi niliyesoma chuo cha Kiislamu, na niliyewasomesha wengine Suratul Hujurat pamoja na amri yake ya kuhakikisha habari na katazo lake la dhana mbaya, nilikuwa nimemhukumu mtu pasipo kumuuliza hata swali moja.

Usiku ule, baada ya swala ya Isha, nilimfuata nyumbani kwao. Nilipomuuliza, alisema kwa upole, "Ustadhi, hata kwetu kinakataa. Kila Jumamosi nakikuta hakifanyi kazi, nakiunganisha upya. Nilidhani wewe ndiye unayebadilisha kitu, nikaona haya kukuuliza." Kumbe kila mmoja wetu alikuwa akimshuku mwenzake!

Tukarudi ofisini, tukawasha taa, nikafungua daftari. Tulikiunganisha kipanya katika Windows, kikafanya kazi. Tukazima, tukawasha Ubuntu, kikakataa. Tukakiunganisha huko, kikakubali. Tukarejea Windows, kikakataa. Tulirudia mara tatu, jibu likawa lile lile. Betri haikuwa na kosa, wala kijana. Kwa kutumia simu yake tukasoma maelezo ya mafundi mpaka tukaielewa sababu.

Kipanya cha Bluetooth kinapounganishwa na kompyuta, viwili hivyo huafikiana ufunguo wa siri, na kila kimoja huuhifadhi kwake. Kipanya huitambua kompyuta kwa anwani ya redio yake, na anwani hiyo ni moja, uwe Windows au Ubuntu. Kwa hiyo kwa kipanya, mifumo yetu miwili ilikuwa mtu mmoja. Ubuntu ilipoafikiana nacho ufunguo mpya, kiliufuta ule wa zamani. Kesho yake Windows ilikuja na ufunguo wake wa jana, mlango ukagoma kufunguka, na kiooni halikutokea neno lolote la kueleza. Ndiyo maana fundi alifanikiwa mjini: alitengeneza ufunguo mpya, ambao ungedumu mpaka Jumamosi tu.

Dawa yake ni kuzipa pande zote mbili ufunguo ule ule. Kwanza unganisha kipanya katika Ubuntu, kisha katika Windows, ili ufunguo wa mwisho uwe wa Windows. Baada ya hapo usikiunganishe upya popote. Ufunguo huo, wenye herufi na tarakimu 32, umo katika rejista ya Windows, sehemu iitwayo BTHPORT. Uandike kwa uangalifu. Rudi Ubuntu, ingia kwenye folda /var/lib/bluetooth, tafuta faili la kipanya liitwalo info, weka nakala yake pembeni, kisha badilisha ufunguo uliomo kwa ule ulioandika. Ukiwasha upya, kipanya kitakubali pande zote. Vipanya vya aina mpya zaidi huwa na funguo kadhaa, na vingine hubadili hata anwani yao kila vinapounganishwa. Hapo mtafute anayejua, usibahatishe.

Asiyetaka taabu hiyo ana njia nyepesi. Vipo vipanya vyenye kitufe cha kuchagua chaneli. Ya kwanza iwe ya Windows, ya pili ya Ubuntu. Vipo pia vinavyokuja na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Hivi havina ugomvi huu, kwa kuwa makubaliano hukaa ndani ya kipokezi chenyewe. Lakini hivi navyo vikianza kukatikakatika, tazama betri kwanza, kisha usikichomeke kipokezi jirani na flashi au diski iliyo katika tundu la USB 3, kwani kelele zake za redio huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz yanayotumiwa na kipanya. Na cha waya kipo siku zote, ila niliona vibaya kuitupa zawadi ya muumini kabla ya kujua kosa lake.

Usiku ule tulimaliza karibu saa sita. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya watoto wale wale, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomvunjia mwalimu wao heshima, nikasema kwamba nilimdhania vibaya na kwamba kosa lilikuwa langu. Nikamrudishia ufunguo wa ofisi. Aliupokea kwa mikono miwili, kama alivyoutoa, akasema, "Yameisha, Ustadhi," akawaambia watoto wakae.

Orodha ya zakatul-fitri ilikamilika kabla ya Idi, alhamdulillah. Kipanya ni kile kile, kijana ni yule yule. Aliyehitaji matengenezo alikuwa katibu.