Ushahidi wa Maji

Katika kazi zote zilizopita mikononi mwangu tangu nilipoushika ufundi wa mabomba, hapana iliyonitaka subira kama kutafuta asili ya maji yavujayo bafuni. Na hapa Mau Narok, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ambako sakitu huunguza majani ya viazi na maji ya moto ni haja ya kila alfajiri, kazi hiyo ina utata wake mahsusi, nao ni mvuke.

Maji huku aghalabu hupashwa moto kwa kuni, zamani katika pipa la chuma lililojengewa meko nyuma ya nyumba, siku hizi katika mtungi ambao watu huuita kuni busta. Nayo yamwagikapo katika bafu dogo, mvuke hupanda, hukutana na ukuta uliolala baridini usiku kucha, hugeuka matone, na matone huteremka hata mtu akadhani bomba limepasuka ndani ya ukuta. Nimewahi kuitwa kubomoa ukuta usio na ila yoyote, uliohitaji dirisha tu. Ndiyo sababu siinui nyundo kabla sijapata ushahidi.

Naikumbuka nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, nyumba ya mbao ya zamani, ambayo ndani yake alikuwa ametengenezewa bafu la vigae na vioo. Ukuta wa chumba cha kulala uliopakana na bafu ulikuwa umeoza chini, na kila masika fundi fulani aliitwa, akapaka silikoni juu ya silikoni, akalipwa, akaenda zake.

“Fundi,” aliniambia, “nimeambiwa ni bomba, nimeambiwa ni paa. Mimi nataka kujua.”

“Mwalimu, nipe usiku mmoja, na mtu asioge.”

Nikafunga koki kuu, nikayatoa maji yaliyosalia mabombani, nikaziba tundu la sakafuni kwa kizibo cha mpira, nikajaza maji hata chini kidogo ya kizingiti, kisha nikatia alama ya penseli kwenye kigae palipokomea maji. Bomba likiwa tupu haliwezi kushutumiwa; pasipo maji ya moto mvuke haupo; na tundu likizibwa, njia ya majitaka nayo imetoka katika hesabu. Kulipokucha maji yalikuwa yameshuka mbali chini ya alama, na ukuta wa upande wa pili umelowa chapachapa. Ila ilikuwa ya sakafu yenyewe.

Tulipong'oa vigae vya chini, sababu ikawa dhahiri. Sakafu haikuwa na mteremko, hivyo maji yalituama pembeni. Chini ya vigae hapakupakwa dawa ya kuzuia maji, kana kwamba kigae na grauti vyatosha, ilhali grauti hunywa maji. Na pale ukuta unapokutana na sakafu palijazwa grauti ngumu, nazo mbao hufura masika na kunywea kiangazi, saruji isiweze kuzifuata. Ukatokea ufa mwembamba kama unywele, na ufa huo ndio ulioozesha nyumba.

Saruji ikapanda kutoka Njoro. Tukabadilisha mbao zilizooza, tukamwaga sakafu yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tunduni, tukapaka dawa matabaka mawili na kuipandisha ukutani, na katika pembe tukaitia kitambaa isichanike. Baridi ya huku hukawiza kila kikaukacho, basi tulingoja kupita muda ulioandikwa kwenye kopo, tukajaza maji tena, na safari hii hayakuiacha alama. Ndipo vigae vikarudi, silikoni ikatiwa katika pembe zilizokauka kabisa, na fremu ya vioo ikazibwa upande wa nje peke yake, ili maji yapenyayo ndani ya fremu yapate njia ya kurudi bafuni.

Namsihi kila mwenye nyumba wa Mau Narok, na wa Molo na Elburgon kadhalika, asikubali kigae cha kwanza kibandikwe kabla sakafu haijalala na maji usiku kucha. Na fundi akataaye jaribio hilo, amlipe haki yake ya siku ile, amtafute mwingine.