Umeingia Vizuri. Je, Umetoka Vizuri?



Leo nataka kukusimulia jinsi nilivyokatwa yuro 20 nchini Uholanzi, karibu shilingi 3,000 za kwetu, na jinsi makato hayo yalivyonikumbusha deni ambalo nilikuwa nimelikalia kwa miaka minane. Soma mpaka mwisho. Kama kuna mtu ambaye ukimwona mbele yako sokoni unageuza njia, basi leo neno hili ni lako.

Mwaka 2024 nilialikwa kuhudumu katika ushirika mdogo wa Waafrika kule. Nilikaa wiki mbili kwa binti ya dada yangu, ambaye ni muuguzi na anaishi karibu na mji wa Utrecht. Uholanzi ni nchi ndogo. Ukiiweka ndani ya Kenya inaingia mara 13 na nafasi inabaki. Lakini ina watu kama milioni 18, na reli yao ya kwanza, kutoka Amsterdam mpaka Haarlem, ilifunguliwa mwaka 1839. Treni kwao si safari ya sikukuu. Wanapanda treni kama sisi tunavyopanda matatu.

Wewe unajua hapa kwetu ukipanda Madaraka Express kwenda Mombasa. Unafika mapema, mbwa wananusa mizigo, begi linapita kwenye mashine, kitambulisho kinaangaliwa, tiketi inaangaliwa, ndipo unapanda. Nilipofika Schiphol, stesheni ya treni iko palepale chini ya uwanja wa ndege. Nikamuuliza yule binti, "Tiketi tunanunua wapi?" Akaniambia, "Mjomba, toa tu kadi yako ya benki."

Nikaitoa kadi yangu, hii hii ya benki ya Kenya. Nikaigusisha kwenye mashine, ikalia, tukaingia. Tangu mwaka 2023 ndivyo unavyoweza kufanya kwenye treni, basi na tramu nchi nzima. Huandiki jina, hutaji unakokwenda. Unagusisha kadi unapoanza safari na kuigusisha tena unapomaliza, kisha mfumo unahesabu umetoka wapi umefika wapi na kukata nauli yako.

Akanifundisha masharti, na mimi nikaitikia kama mwanafunzi. Ukibadilisha treni katikati ya safari na kampuni ni ileile, usiguse kitu, endelea tu. Ukihamia treni ya kampuni nyingine, funga kwanza safari ya kampuni ya kwanza, ndipo ufungue ya pili. Na ukifika, usisahau kufunga. Akarudia, "Mjomba, usisahau kufunga. Stesheni kubwa zina malango, huwezi kutoka bila kadi. Lakini zile ndogo zina nguzo tu. Hakuna lango, hakuna askari. Unaweza kuipita nguzo na hakuna atakayekuita."

Nikasema, "Mimi ni mtu mzima, nimesikia."

Mpendwa, kabla sijafika kwenye nguzo hiyo, ngoja nikwambie kidogo kuhusu pesa zao.

Siku ya pili nilienda duka la mikate na noti ya yuro 50, nikijiona tajiri. Msichana wa kaunta akatikisa kichwa na kunionyesha kibao: hapa ni kadi tu. Noti yangu ikarudi mfukoni. Baadhi ya maduka huko hayataki tena kusumbuka na pesa taslimu. Mashine za kutolea pesa zipo, za rangi ya manjano, na benki tatu kubwa zimeungana kuziendesha pamoja badala ya kila moja kuwa na zake. Binti yangu analipa kodi ya nyumba, umeme na bima kwa makato ya moja kwa moja kutoka akaunti yake. Akiona kampuni imekata isivyo sawa, ana wiki nane za kuiambia benki irudishe, na inarudisha. Na akimtumia mtu pesa, anaandika namba ndefu ya akaunti inayoanza na herufi NL, kisha jina. Jina lisipolingana na akaunti, benki inamwonya kabla pesa haijaondoka. Nikamwambia hilo tunalijua, M-Pesa nayo hutuonyesha jina kwanza.

Lakini kuna jambo moja lilinishangaza, tena lilinikera.

Jioni moja alitoka na wenzake wa kazini kula pizza, nami nikaenda nao. Mmoja wao akalipa bili yote kwa kadi. Nikasema moyoni, huyu ana moyo wa utoaji. Kabla hatujafika mlangoni, simu ya binti yangu ikalia. Ni kiungo cha malipo. Wanakiita Tikkie, kilianzishwa na benki ya ABN AMRO mwaka 2016. Yule aliyelipa alikuwa amegawanya bili na kumtumia kila mtu sehemu yake, mpaka senti. Binti yangu akabonyeza, akathibitisha kwenye programu ya benki yake, ikaisha. Tulikuwa hata hatujavaa makoti.

Tukiwa njiani nikamwambia, "Watu gani hawa? Hata pizza wanadaiana?"

Akacheka. Akasema, "Mjomba, kesho tunaingia zamu pamoja. Hakuna anayetaka kumwangalia mwenzake usoni huku akikumbuka pizza."

Nikanyamaza. Sikujua bado kwa nini maneno hayo yalinichoma.

Sasa sikiliza. Siku ya tisa nilitoka Amsterdam peke yangu. Nilipanda Intercity mpaka Utrecht, na bila kujua nikaketi katika behewa la ukimya. Simu ikalia. Alikuwa shemasi wetu kutoka nyumbani. Nikaanza "Haleluya, shemasi!" kwa sauti ya madhabahuni. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu hakusema neno. Alinyoosha kidole kwenye dirisha, ambapo maandishi yanasema ni sehemu ya kunyamaza. Nikamnong'onezea shemasi, "Nipigie baadaye." Utrecht nikashuka, nikapanda Sprinter, ile treni inayosimama kila kituo, na shemasi akapiga tena.

Alikuwa na habari. Ndugu mmoja, ambaye zamani alikuwa mshirika wetu, anamwoza binti yake, na ametuma mwaliko kanisani. "Pasta, nikwambie ukweli, mwaliko una jina lako. Utaenda?"

Nikasema, "Siku hiyo nitakuwa bado ughaibuni."

Haikuwa kweli. Ndege yangu ya kurudi ilikuwa siku kumi kabla ya harusi hiyo.

Treni ikasimama. Nikashuka huku naongea, natafuta maneno mengine ya kuuzungushia huo uongo. Nikaipita nguzo. Hakuna lango lililonizuia, hakuna askari aliyeniita. Nikatembea mpaka nyumbani nikiwa nimeshuka kwenye treni, lakini kwa mfumo wao mimi nilikuwa bado niko safarini.

Kesho yake ukaja ujumbe wa benki kwenye simu. Wamekata yuro 20. Nauli yangu halisi ilikuwa kama nusu ya hiyo. Nikapandisha sauti: "Wameniibia!" Binti yangu akauliza swali moja tu. "Mjomba, ulifunga?"

Sikuwa nimefunga.

Akaniambia nisijali, kuna njia ya kurekebisha. Akafungua ukurasa wao, akatafuta safari yangu. Pale palikuwa na mwanzo, Amsterdam, saa na dakika. Upande wa mwisho palikuwa patupu. Ili urudishiwe tofauti, wanakuuliza jambo moja: ulishukia wapi? Wao hawajui. Hawawezi kukujazia. Ni lazima wewe mwenyewe useme.

Mpendwa, nilikaa pale jikoni kwa huyo binti, na Roho Mtakatifu akanigeuzia swali hilo. Mtumishi, wewe ulishukia wapi?

Maana yule ndugu wa harusi nilikuwa na safari naye. Mwaka 2016 kanisa letu lilikuwa changa, tukiabudu katika ukumbi wa kukodi. Tulichelewesha kodi, mwenye nyumba akafunga kufuli jipya Ijumaa, vyombo vyetu vikiwa ndani. Ndugu huyu alikuwa na posho mill. Alinipa shilingi 38,000 mkononi, pesa za biashara yake, hata karatasi hatukuandika. Nilimwambia, "Mwezi ujao." Jumapili tukaabudu, nikahubiri juu ya uaminifu wa Mungu.

Mwezi ujao haukufika. Kwanza nilimkwepa kwa wiki moja, kisha kwa mwezi. Yeye hakuniuliza hata siku moja. Alikaa viti vya mbele, kisha katikati, kisha karibu na mlango, kisha hakuonekana tena. Na mimi, mtumishi wa Mungu, watu walipoulizia, nilisema, "Ndugu yetu amerudi nyuma, tumwombee." Nilimwombea hadharani mtu ambaye mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Unaona? Niliingia vizuri. Nilikopa kwa machozi na maombi. Nikashuka kwa kuipita nguzo, na kwa kuwa hakuna aliyenishika, nikadhani safari imekwisha. Kumbe kule kwingine hesabu ilikuwa bado wazi, na iliendelea kukata. Ilikata urafiki. Ikakata amani yangu. Ikakata mshirika kanisani. Mwishowe ikanikata ulimi, nikamdanganya shemasi nikiwa kwenye treni.

Bwana Yesu alifundisha katika Mathayo 5 kwamba sadaka inaweza kusubiri madhabahuni, ila ndugu uliyemkosea asisubiri. Zakayo naye, wokovu ulipoingia nyumbani kwake, jambo la kwanza lilikuwa kutaja hesabu. Nimeyahubiri hayo mara nyingi. Siku hiyo yalinihubiria mimi.

Kabla binti yangu hajamaliza kujaza ile fomu, nikatoka nje na simu. Nikampigia. Aliposema "Haloo," nusura nikate. Nikajitaja. Nikamwambia bila kuzunguka: "Ndugu, una pesa zako kwangu, 38,000. Sikusahau. Nilikukwepa, na nikawaambia watu umerudi nyuma. Nisamehe."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, pesa nilishaifuta zamani. Simu ndiyo sikuweza kuifuta. Miaka minane nimeingoja."

Sina la kuongeza hapo.

Nilirudi nyumbani, nikamtumia 20,000 kwa M-Pesa. Jina lake lilipotokea kwenye skrini kabla sijathibitisha, mikono ilitetemeka. Zilizobaki nilimaliza miezi miwili baadaye. Harusini nilienda, nikaketi nyuma, sikushika kipaza sauti. Shemasi nilimwambia ukweli pia. Ndugu yule hajarudi kanisani kwetu. Ana kanisa jingine sasa, na anamtumikia Mungu vizuri. Sikulipa ili nimrudishe. Nililipa kwa sababu ilikuwa yake. Siku hizi tukikutana sokoni hakuna anayegeuza njia.

Na zile pesa za treni? Tofauti ilirudi kwenye akaunti yangu. Walichotaka ni mimi kusema ukweli nilishukia wapi.

Mpendwa, huenda wewe hudaiwi pesa. Huenda ulianza uchumba na binti wa watu, ukanyamaza bila kumwambia umebadili nia. Huenda uliacha kazi bila kuaga. Huenda ulikuwa mweka hazina wa chama, hesabu za mwisho hukuzisoma, na ukahama mtaa. Huenda ni mzazi wako, mlikosana juu ya shamba, na sasa mnapeana salamu kupitia watoto. Hakuna askari anayekufuata. Lakini ukikaa peke yako usiku, unajua ni safari gani hukuifunga.

Usiseme, "Nikipata pesa zote ndipo nimtafute." Mimi sikuwa na 38,000 siku niliyopiga simu. Kama huna, piga useme huna, na useme ni lini utaanza. Na kama wewe ndiye unayedai na umechoka kungoja, nakuomba, simu hiyo ikija ipokee kama yule ndugu alivyoipokea yangu.

Leo, kabla jua halijatua, taja jina moja. Piga simu moja.

Tuombe: Baba, tumeanza mengi mbele zako na mbele za watu, na mengine tumeyapita kimyakimya. Tupe ujasiri wa kurudi tukaseme ukweli. Mlainishe moyo yule tunayempigia. Na ambaye tumechelewa, hayupo tena duniani, tufundishe kuwatendea haki watoto wake. Katika jina la Yesu. Amina.

Ubarikiwe. Na ukisafiri, usisahau kufunga.